Namna ya Kumchora Mnyama wa Kibonzo cha Gazeti

Mnyama wa kibonzo cha gazeti huishi ndani ya kisanduku chenye upana wa vidole vitatu au vinne, kwenye karatasi inayonyonya wino, mbele ya msomaji atakayemtupia jicho kwa sekunde chache kisha ageuze ukurasa. Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, mchoraji hana budi kuamua ni sifa zipi za mnyama huyo zitakazobaki na zipi zitakazoachwa.

Tumchukue fisi madoa, mlafi wa ngano zetu. Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo huteremka kutoka mabegani hadi mkiani. Shingo yake ni nene, nayo masikio ni ya mviringo. Anza na mstari wa mgongo kwa penseli, uuchore bila kusita, na uutie chumvi: mteremko wake uwe mkali kuliko ulivyo porini. Kisha kiinamishe kichwa chini ya usawa wa mabega, ongeza miguu, na ujaze umbo lote wino mweusi, bila jicho wala mdomo. Mwoneshe mtu ambaye hakukuona ukichora. Akisema ni mbwa, kasoro imo mgongoni au shingoni, na hakuna meno utakayoongeza yatakayoiondoa. Wanaoanza hukimbilia uso, na ndiyo maana fisi, mbwa na mbweha wao huwa ndugu wa tumbo moja.

Madoa yanataka kiasi. Chui wa mtindo ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 hupendeza kwa wingi wa madoa na rangi zinazong'aa, lakini mpunguze hadi ukubwa wa kisanduku cha gazeti uone madoa hayo yanavyoungana yakawa uchafu. Fisi wako anatosheka na madoa matano au sita pajani, yakae palepale katika kila kisanduku.

Amua mapema pia kama atatembea kwa miguu miwili au minne, maana uamuzi huo hugeuza hadithi yenyewe. Snoopy, mbwa wa vibonzo vya mchoraji Charles Schulz aliyeingia magazetini Marekani mwaka 1950, alianza akiwa mbwa wa kawaida wa miguu minne. Ilipofika mwishoni mwa muongo huo alikuwa akisimama kwa miwili, na baadaye akaweza hata kujifanya rubani wa vita juu ya paa la kibanda chake. Fisi anayekopa dukani sharti asimame, ilhali anayefukuzwa na wenye mbuzi huchekesha zaidi akirudia minne; mimi sioni ubaya wa kuchanganya, mradi nundu ya mabega isipotee anaposimama.

Usoni weka macho yaliyokaribiana, mdomo, na nyusi, ambazo fisi halisi hana lakini ndizo zinazobeba hasira na hofu.

Chora kwa ukubwa mara mbili ya ule utakaochapwa, kisha toa kopi iliyopunguzwa uichunguze. Mwanya kati ya mguu na mguu unaoonekana mpana mezani huweza kuzibwa na wino gazetini, kwa hiyo upanue. Ukisharidhika, mchore fisi huyohuyo kwa mbele, ubavuni na kwa nyuma kwenye karatasi moja, uibandike ukutani, ndipo uanze kisanduku cha kwanza.