Somo: Kufunga betri mbili kwenye boti ndogo bila kuzifanya betri moja

Usiku mmoja nililala nangani taa zikiwaka, redio ikinong'ona, na kifaa cha kuonyesha samaki kikichora chini ya bahari mpaka alfajiri. Asubuhi nikapiga stata. Nikasikia "tk" moja, basi. Betri ilikuwa moja tu na nilikuwa nimeimaliza mwenyewe. Siku ile nilirudi kwa makasia.

Tangu hapo nina betri mbili: moja ya kupigia stata, nyingine ya matumizi. Tatizo ni kwamba wengi wakiongeza betri ya pili huiunganisha na ya kwanza moja kwa moja, wakapata betri moja kubwa, nayo inaisha usiku uleule. Kwa hiyo katika somo hili kazi yetu kubwa ni kutenganisha. Kuunganisha kila mtu anajua.

Kwanza, piga hesabu

Andika kila kifaa, ampea zake na saa zake. Taa za LED nusu ampea kwa saa 10 ni ampea-saa 5. Kifaa cha samaki ampea 1 kwa saa 10 ni 10. Redio ikisikiliza tu, nusu ampea, ni 5 nyingine. Weka 2 za pampu ya kutoa maji yanayoingia botini. Jumla 22. Betri ya risasi na asidi haipendi kushushwa chini ya nusu yake, kwa hiyo zidisha mara mbili, uongeze akiba: nunua ya ampea-saa 60 hivi. Iwe ya aina inayovumilia kutumika taratibu na kuchajiwa tena. Betri ya stata imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiitumia kuwashia taa usiku kucha mara kwa mara utaiua mapema.

Vifaa

Betri mbili zenye masanduku na mikanda ya kuzifunga, swichi mbili za kukata umeme, relei inayofuata volti (swichi inayojiunganisha na kujiachia yenyewe), fyuzi na vishikio vyake, kipau cha shaba cha kukusanyia nyaya za hasi, na nyaya. Nyaya ziwe za shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu kwenye hewa ya chumvi hugeuka nyeusi ndani ya mpira huku kwa nje ikionekana mpya, nawe utasaka hitilafu wiki nzima. Kwa boti ya petroli, dai swichi na relei zilizofungwa ili cheche zisitoke nje.

Hatua ya 1: Hasi. Vua pete na saa ya chuma. Unganisha hasi ya betri moja na hasi ya nyingine kwa waya mnene kama ule wa injini. Kutoka hapo peleka waya kwenye kipau cha shaba, na hasi za vifaa vyote zikutane pale. Hasi ni ya pamoja. Kinachotenganishwa ni chanya. Lakini ncha za hasi zinazoingia kwenye vichwa vya betri ziache wazi mpaka mwisho wa kazi. Spana ikigusa chanya na chuma cha injini wakati hasi imeshafungwa, ni shoti.

Hatua ya 2: Chanya ya stata. Betri ya kwanza, swichi yake, injini. Ukiacha relei ya hatua ya 4, hakuna kingine hapo, hata taa moja. Kwa desturi waya huu haufungwi fyuzi kwa sababu ya ukubwa wa mkondo wa stata, basi uwe mfupi, na usisuguane na kitu.

Hatua ya 3: Chanya ya matumizi. Betri ya pili, fyuzi kuu, swichi, kisha kisanduku cha fyuzi ndogo. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, ndani ya sentimita 18. Fyuzi inalinda waya, na kipande cha waya kilicho kabla yake hakina mlinzi.

Unene wa waya ndipo watu hubana pesa pasipostahili. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo taa iliyo mita 5 kutoka kwenye betri ina mita 10 za waya. Mzigo wa ampea 5 kwenye waya wa milimita za mraba 1.5 utapoteza karibu volti 0.6 njiani. Kwenye waya wa 2.5 utapoteza 0.35, yaani chini kidogo ya asilimia 3 ya volti 12. Hiyo asilimia 3 ndiyo mpaka wangu kwa taa za safari, redio na pampu.

Hatua ya 4: Relei. Inakaa kati ya chanya mbili, na iwekewe fyuzi pande zote mbili maana kila upande una betri. Waya wake mwembamba mweusi unakwenda hasi. Injini ikichaji na volti kufika 13.3 hadi 13.7 kutegemea aina, relei inaunganisha betri zote zichajiwe. Injini ikizimwa na volti kushuka hadi 12.8 hivi, inaachia. Betri iliyojaa ikitulia husoma 12.7, kwa hiyo usiku zimetengana bila mkono wako kugusa chochote. Ndiyo sababu naipenda: haisahau.

Hatua ya 5: Pampu ya ngama, yaani ya maji yanayokusanyika chini ya boti. Chanya yake itoke kwenye betri ya matumizi moja kwa moja kwa fyuzi yake, bila kupitia swichi kuu. Boti huzama pia ikiwa imefungwa na mwenyewe yuko nyumbani.

Hatua ya 6: Jaribu. Funga hasi. Chukua mita. Piga stata: betri ya kwanza itashuka kwa muda, ya pili isitikisike. Baada ya dakika kadhaa injini ikiunguruma, zote zisome zaidi ya 13.5. Ya pili ikitikisika wakati wa stata, kuna mahali umeziunganisha.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Boti yangu ina swichi moja ya zamani: 1, 2, zote, zima. Niitupe?*

Marahaba. Usiitupe, inafanya kazi. Ila inategemea kumbukumbu yako: ukiiacha kwenye "zote" usiku, umerudi kwenye betri moja. Na usiipitishe kwenye "zima" injini ikiwa inaunguruma. Chaji ikikosa pa kwenda, volti hupaa na kuunguza dayodi, vile vipande vya mfumo wa chaji wa injini vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.

*Mkuu, betri ya matumizi naweza kuweka ya lithiamu?*

Si kwa relei hii. Lithiamu ya chuma na fosfeti ikitulia husoma karibu 13.3, kwa hiyo relei inaweza kudhani injini bado inachaji, isiachie. Pia inavuta ampea nyingi kuliko injini ndogo inavyoweza kutoa bila kupata moto. Badala ya relei weka chaja ya betri kwa betri yenye kikomo cha ampea.

*Kaka, relei yangu inapiga tik-tik-tik injini ikiwa polepole. Mbovu?*

Huenda nzima. Inaunganisha, betri ya pili iliyoisha inavuta chaji, volti zinashuka, inaachia, zinapanda, inaunganisha tena. Ongeza mwendo wa injini na uzime vifaa uone. Ikiendelea, kagua viungo vyote, kuanzia hasi. Na betri iliyokwisha kabisa ichaji nchi kavu kwanza.

*Nyaya nazichomea kwa risasi au nazibana tu?*

Bana pete za shaba kwa koleo lake, kisha vika mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Waya uliochomewa hukakamaa pale risasi inapoishia, na mtikisiko wa boti hukatia hapohapo. Kwenye vichwa vya betri tumia nati za kawaida na spana. Zile zenye masikio, zinazokazwa kwa vidole, hulegea. Yangu niliikuta imelala ndani ya sanduku la betri.