N-55 si N50: kuchagua betri ya gari linalojizima kwenye foleni

Gari linalojizima ukisimama kwenye foleni ya Buzuruga na kuwaka ukiachia breki linaichosha betri kuliko gari la kawaida. Injini ikizima, taa, feni na redio vinakula betri peke yake, kisha stata inachota tena. Kwa safari fupi za mjini betri ya kawaida haiwahi kujaa, sahani zake zinashika salfeti, na inakufa mapema.

1. Soma betri iliyomo. Za Kijapani za magari haya zimeandikwa M-42, N-55, Q-85, S-95 au T-110. Herufi ni ukubwa wa boksi kwa alama za zamani za Kijapani: M ni B20, N ni B24, Q ni D23, S ni D26, T ni D31. Namba ni nguvu. Kama mwenye gari wa kwanza alishaweka ya kawaida, fuata kitabu cha gari.

Hapa ndipo pesa inapopotea. Ukitaja N-55 dukani unaweza kupewa N50, ambayo ni boksi la D26: urefu sm 26, upana sm 17. N-55 ina urefu wa sm 24 na upana wa sm 13 tu, kwa hiyo N50 haikai kwenye sinia. NS60 inakaa, na gari linawaka vizuri tu, lakini ni betri ya kawaida. Usiinunue.

2. Angalia R mwishoni mwa jina. Vichwa vya betri vikikuelekea, isiyo na R ina chanya kulia. M-42R ina chanya kushoto. Ukikosea, waya hazifiki, na ukizifunga kinyume unaunguza fyuzi.

3. EFB (ya majimaji iliyoimarishwa) au AGM (tindikali imefyonzwa kwenye nyuzi za kioo)? Gari lililokuja na EFB linaweza kupanda hadi AGM. Lililokuja na AGM lisishushwe.

4. Pima kabla ya kulipa. Betri mpya chini ya volti 12.4 imekaa sana rafu, omba nyingine.

5. Kufunga: hasi itoke kwanza, irudi mwisho, ili spana ikigusa bodi usipige shoti. Penye sensa kwenye kichwa cha hasi, legeza nati kabisa, usiibandue kwa bisibisi; inavunjika.

Maswali ya wanachama

Swali: Wakuu, betri kavu si ndiyo AGM?
Jibu: Hapana kaka. “Kavu” ya dukani mara nyingi ni ya tindikali iliyofungwa isiongezwe maji. Tafuta herufi AGM au EFB kwenye boksi lenyewe.

Swali: Nikichomoa betri, redio ya Kijapani itaomba kodi (namba ya siri ya kuifungua)?
Jibu: Baadhi za Toyota zinaomba, dada. Unganisha betri nyingine ya volti 12, chanya yake kwenye waya wa chanya na hasi yake kwenye bodi, kabla hujachomoa. Waya wa chanya utabaki na umeme, ufunge kwa mpira.

Swali: Nimefunga Q-85 mpya, gari haijizimi.
Jibu: Kompyuta bado inahesabu betri ya zamani. Mazda nyingi zinahitaji kuwekwa upya, na BMW husajiliwa betri mpya kwa mashine ya fundi. Zima AC pia ujaribu: kwenye jua la mchana inaweza kuzuia injini isizime, na hilo si kosa la betri.

Swali: Fundi anataka kuichaji AGM kwa chaja ya zamani.
Jibu: Mwambie isivuke volti 14.8. Ikizidi, inatoa gesi, valvu zinafunguka, na maji yaliyotoka huwezi kuyarudisha.