Nyumba, gari na karo ukihamishiwa Kisumu: jinsi ya kukokotoa kodi ya marupurupu

Katika kuandaa mishahara ya wafanyakazi wa viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza, kauli ninayoisikia mara nyingi kwa wanaohamishiwa Kisumu ni kwamba kodi ikishakatwa Kenya, habari ya TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, imekwisha. Sivyo, na marupurupu ndiyo yanayoonyesha ugumu wake.

Hatua ya kwanza ni kujua wewe ni mkaazi wa wapi kikodi. Kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania ya mwaka 2004, mtu mwenye makazi ya kudumu nchini aliyekuwepo nchini kwa sehemu yoyote ya mwaka ni mkaazi. Wengi husahau kipengele hicho na kushika kile cha siku 183 peke yake. Kwa hiyo mwenye nyumba Nyegezi, ambako mkewe na watoto wanaishi na yeye huja kuwaona kila mwisho wa mwezi, hubaki mkaazi wa Tanzania, na mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya ndani na ya nje. Kenya nayo itakata PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mshahara, kwa kazi anayoifanyia Kisumu. Andika tarehe za kila safari na utunze mihuri ya mpakani Sirari.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo yenye kazi, ni kuligeuza kila rupurupu kuwa fedha kwa kanuni ya kila nchi, bila kuhamisha jibu la nchi moja kwenda nyingine. Chukua gari la kampuni lenye injini ya cc 1,800 na umri wa zaidi ya miaka mitano: Tanzania huliongezea mapato yako shilingi 250,000 kwa mwaka, na haliongezi kitu ikiwa mwajiri hakudai kupunguziwa kodi yake kwa gharama za gari hilo. Kenya hutazama asilimia 2 ya bei ya kulinunua kwa kila mwezi, hivyo gari la mwajiri lililonunuliwa kwa shilingi za Kenya 1,500,000 huongeza angalau 30,000 kila mwezi. Ni gari lile lile!

Nyumba pia ina mtego wake. Tanzania hulinganisha asilimia 15 ya mapato yako na gharama aliyoidai mwajiri, huchukua iliyo kubwa, kisha pango la soko likiwa dogo kuliko hiyo, hutumika pango. Kenya, kwa mfanyakazi asiye mkurugenzi, huchukua iliyo kubwa kati ya asilimia 15 na pango alilolipa mwajiri kwa mwenye nyumba asiyehusiana naye. Karo ya watoto inayolipwa na mwajiri, kwa upande wa Tanzania, huongezwa yote.

Hatua ya tatu ni kudai unafuu wa kodi iliyolipwa nje. Tanzania ina mikataba ya kuzuia kutozwa kodi mara mbili na nchi kama Zambia, India na Afrika Kusini, lakini si na Kenya. Hata hivyo sheria yetu yenyewe humruhusu mkaazi kupunguziwa, ila kwa kiasi kisichozidi kiwango cha wastani cha kodi ya Tanzania kwa mapato hayo. Kwa kuwa PAYE ya Kenya hufika asilimia 35 na yetu huishia 30, mara nyingi hakibaki cha kulipa, lakini ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, huwasilishwa kabla ya Juni 30 kupita, ikiambatana na hati ya mwajiri inayoonyesha kodi iliyokatwa Kenya. Iombe hati hiyo kabla hujafunga mizigo kurudi Mwanza.