SOMO: Kufunga shokapu za kampuni nyingine. Pima kwanza, nunua baadaye

Kila wiki swali ni lile lile. "Nimeweka shokapu mpya, mbona inagonga?" "Mbona imevuja mafuta hata mwezi haujaisha?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo naandika yote mahali pamoja. Ukiuliza jambo lililomo humu nitakurudisha humu.

Somo hili ni la ekseli nzima, yaani mhimili mmoja mgumu unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia: Land Cruiser 79 na 80, nyuma ya Hilux, nyuma ya Prado 120. Mbele ya Hilux Vigo na Prado 120 shokapu imekaa katikati ya koili iliyobanwa kwa nguvu kubwa, na koili hiyo ikifyatuka inaua mtu. Hiyo mpelekee fundi mwenye kifaa cha kubania koili, kisha ukapange magurudumu, maana gari likiinuka mbele magurudumu hayakai tena kama yalivyokuwa.

Jambo kubwa ni hili: shokapu kuingia kwenye bolti hakuthibitishi kwamba ni ya gari lako. Dukani watailaza ya zamani kando ya mpya, zote zimenyooka, wakwambie "ni ile ile." Wamekuonyesha urefu wa ikiwa imefunguka. Unaovunja magari ni urefu wa ikiwa imejifunga.

Hatua ya 1. Egesha pahali tambarare, zuia magurudumu kwa mawe, inua, weka stendi chini ya chasisi. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Hatua ya 2. Nyunyizia nati dawa ya kutu tangu jana yake. Zikigoma, kata nati kwa grainda. Usichome kwa moto wa gesi: ndani ya shokapu mna mafuta, na nyingi zina gesi iliyoshindiliwa.

Hatua ya 3. Toa ya zamani. Panga washa (visahani vya chuma vinavyokaa chini ya nati) na raba chini kama zilivyotoka.

Hatua ya 4. Hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoniletea magari yaliyopasuka vishikio vya shokapu. Ifanye kabla ya Hatua ya 1: kabla hujainua gari, likiwa limesimama kwa matairi yake, chukua futi ya kupimia. Pima kutoka katikati ya bolti ya juu ya shokapu hadi katikati ya bolti ya chini. Kipimo hicho kiite A. Kisha pima nafasi kati ya ekseli na ile raba nyeusi iliyo chini ya chasisi, inayoipokea ekseli ikipanda hadi mwisho. Hicho ni B. Toa B kwenye A. Raba nayo hubonyea ikigongwa, kwa hiyo toa milimita 25 zaidi, na kama raba yako ni ndefu na laini, toa nusu ya urefu wake. Mfano: A ni 480, B ni 90, inabaki 390, toa 25, inabaki 365. Shokapu ikijifunga iwe 365 au pungufu. Yenye 380 usiichukue hata kwa bei ya bure. Siku utakapoingia shimoni na mzigo, shokapu itafika mwisho kabla ya raba, na uzito wote wa gari utatua juu ya fimbo yake. Hapo fimbo inapinda, sili (raba inayozuia mafuta yasitoke) inavuja, au kishikio kinachanika kwenye chasisi, nawe uko kati ya Kaabong na Kidepo, huko kaskazini mashariki mwa Uganda.

Urefu huo umo kwenye orodha ya mtengenezaji. Kama haumo, simamisha shokapu sakafuni, iminye hadi mwisho, pima. Yenye ncha ya nyuzi za kufungia nati badala ya tundu la bolti, pima kuanzia pale washa ya chini inapokalia.

Upande wa kushuka nao una madhara yake. Shokapu ndefu inairuhusu ekseli ishuke zaidi, basi ishushe taratibu na kutazama: paipu ya breki isikazike, waya ya ABS (breki zinazozuia gurudumu lisikwame) isivutwe, na koili isitoke mahali pake. Mojawapo ikitokea, shokapu ni ndefu mno, au unahitaji paipu ndefu zaidi.

Hatua ya 5. Bomba la chuma ndani ya bushi (ile raba iliyo kwenye tundu la shokapu) lilingane na bolti. Likicheza, usijaze kipande cha bati. Tafuta bushi yake.

Hatua ya 6. Isimamishe wima kama itakavyokaa garini, iminye na kuiachia mara kadhaa ili hewa itoke kwenye mafuta. Usibane fimbo kwa koleo. Mkwaruzo mdogo tu unaila sili.

Hatua ya 7. Funga nati kwa mkono, shusha gari, halafu kaza likiwa limebeba uzito wake. Kwenye ncha ya nyuzi, kaza hadi raba ivimbe kufikia upana wa washa, uishie hapo.

Hatua ya 8. Kwa shokapu za mbele, zungusha usukani mwisho hadi mwisho, angalia kama mwili mnene wa shokapu unagusa tairi au paipu. Kaza tena baada ya kilomita 500.

MASWALI

Dereva_Arua: Mkuu, shokapu gani nzuri kwa Hilux?

Mwandishi: Ya mwaka gani? Imeinuliwa? Inabeba nini? A na B ni ngapi?

Dereva_Arua: Hilux ni Hilux tu bwana.

Mwandishi: Sivyo. Iliyoongezwa springi nyuma na ya kawaida hazina A moja. Hatua ya 4, ndugu.

DadaPrado_Kasese: Asante sana fundi. Nimepima, lakini kuna kitu kinanisumbua. Shokapu za nyuma zimelala kwa pembe. Ekseli ikipanda milimita 90, je, shokapu nayo hufunga 90?

Mwandishi: Dada, umeuliza vizuri. Hapana, hufunga pungufu. Ikiwa imelala digrii 30 kutoka wima, ekseli ikipanda 100 shokapu hufunga kama 87. Kwa hiyo hesabu yangu inakupa shokapu fupi kidogo kuliko ya lazima, na kosa la upande huo ni salama. Kama unataka kipimo kamili, toa koili, pandisha ekseli kwa jeki hadi iguse raba, upime moja kwa moja. Je, Prado yako imeinuliwa?

DadaPrado_Kasese: Inchi mbili. Ndiyo maana nilitaka shokapu ndefu.

Mwandishi: Basi shokapu ndefu ikifika, angalia urefu wake wa kujifunga. Mara nyingi nao huwa umeongezeka. Dawa ni kuishusha raba ya chasisi kwa kipande cha chuma kilichofungwa kwa bolti, kwa kiasi kile kile shokapu ilichozidi. Utapoteza kidogo upande wa kupanda, lakini vishikio vitadumu.

Fundi_Mbale: Mimi nakaza gari likiwa juu ya stendi miaka yote. Sioni shida.

Mwandishi: Bushi ambayo raba yake imeshikana na bomba la ndani, ukiikaza ekseli ikiwa inaning'inia, raba hukaa imesokotwa muda wote gari likiwa chini. Huchanika mapema. Wateja wako wakirudi na mlio, anzia hapo.

Fundi_Mbale: Sawa. Nitajaribu.

Afande_Mstaafu: Kijana, je, shokapu inaweza kufungwa kichwa chini?

Mwandishi: Mzee, yenye bomba moja inakubali. Yenye mabomba mawili, hapana: hewa itaingia kwenye vali na shokapu haitazuia kitu. Soma karatasi yake.

Safari_Moroto: Kidogo nje ya mada: kwenye barabara ya moramu (udongo mwekundu) yenye mawimbi, mnapunguza upepo wa matairi?

Mwandishi: Napunguza, na mwendo pia, maana tairi likilainika linapokea kazi ambayo ingeichemsha shokapu. Na ukisimama baada ya kipande kibaya, sogeza kiganja karibu na kila shokapu kabla hujagusa, zinaweza kuunguza. Zote zinatakiwa ziwe na joto. Ile iliyo baridi peke yake haifanyi kazi. Ibadilishe pamoja na mwenzake wa upande wa pili.