Sansevieria ya kingo za njano: izidishe bila kupoteza njano yake

Nilimuuzia jirani yangu hapa Himbi, Goma, vipande vitano vya jani la sansevieria yenye kingo za njano, ule mmea wa pambo wa majani marefu magumu yanayosimama wima. Vitoto vilipotoka, vyote vilikuwa kijani kitupu. "Mama, hii si ile uliyonionyesha," akaniambia. Nikamrudishia pesa zake. Kosa lilikuwa langu.

Hatua ya 1: Hakikisha njano ni ya asili. Jani likikosa madini hufifia lote, ukilitilia mbolea linarudia rangi. Virusi huleta mabaka yasiyo na mpango. Njano ya vinasaba (maagizo ya urithi yaliyo ndani ya kila seli) hufuata mstari wake toka chini hadi nchani, jani kwa jani.

Hatua ya 2: Elewa inatoka wapi. Ncha inayokua ina matabaka ya seli. Kinasaba kikiharibika katika seli moja, wazao wake wote hukosa klorofili, ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula cha mmea. Wakitawala tabaka zima, mmea unakuwa na seli za aina mbili katika mwili mmoja. Wataalamu huuita kimera (si kile cha pombe). Tabaka la nje ndilo linalojenga kingo. Sasa kata jani ulipande: chipukizi huanzia kwenye seli za ndani, za kijani, na yale matabaka hayajipangi upya. Likianzia kwenye seli za njano peke yake, litakufa, maana halijitengenezei chakula. Mbegu nazo usijisumbue.

Aina hii inaitwa Laurentii, kwa jina la Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea hapa Kongo mwanzoni mwa karne ya 20. Ni ya kwetu, ila wengi wanadhani imetoka Ulaya.

Hatua ya 3: Gawanya shina. Ng'oa mmea, kung'uta udongo, utaona shina nene linalotambaa chini. Chagua kitoto chenye mizizi yake na angalau majani matatu, kikate kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti. Kiache kivulini siku tatu kidonda kikauke. Halafu ukipande kwenye changarawe nyeusi ya volkano ya Nyiragongo, iliyooshwa vumbi, pamoja na udongo kidogo. Bidoni (dumu) lililotobolewa chini latosha. Usimwagilie kwa wiki nzima.

Hatua ya 4: Kikichomoza kitoto cha kijani kitupu, kikate mpaka shinani siku hiyohiyo. Kina klorofili nyingi, kinakua mbio, na kitawafunika wenzake.