Umezoea barabara, unataka kuingia treki? Anza na haya

Kama unaenda treki, yaani uwanja wa mbio, ili ujue piki yako inamaliza spidi ngapi, utajua, ni sekunde chache tu mwisho wa mnyoofu, alafu mbele yako kuna kona na hapo ndo shughuli inapoanzia. Mimi niliendesha barabarani miaka mingi nikajiona nimeiva, siku ya kwanza treki nimekalia cc 1000 akanipita jamaa na kapikipiki ka cc 300, tena kanipitia nje ya kona, nikamkamata kwenye mnyoofu, kona iliyofuata akanipita tena, ikawa hivohivo mpaka bendera ya drafti ya kumaliza ikatoka. Nilirudi piti, pale piki zinapoegeshwa, mikono inatetemeka, na sio woga, ni vile nilivyokuwa nimekaba usukani.

Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba treki sio barabara ambayo umeruhusiwa kukimbia, ni kitu kingine kabisa. Barabarani kila kona unaichukua hujui nyuma yake kuna nini, labda lori limehamia upande wako, labda mchanga, labda mtoto na baiskeli, so dereva mzuri wa barabarani ni yule anayebakiza akiba. Treki kona ni ile ile, inarudi kila baada ya dakika mbili hivi, lami ile ile na hakuna anayekuja usoni kwako. Kwa siku moja kona moja unaweza kuichukua mara arobaini, na kila raundi ukarekebisha kitu kimoja. Kimoja, sio vitano. Ukienda na hesabu hiyo spidi inakuja yenyewe bila kuitafuta.

Kuiandaa piki

Huhitaji piki ya mashindano. Piki unayoijua inatosha, na ikiwa ndogo ndo vizuri zaidi, manake kubwa inakuficha makosa, unachelewa kwenye kona alafu unafidia kwa kuvuta mafuta, hujifunzi kitu.

Anza na breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu wa hewani, aina inayoitwa DOT 4 ikiwa mpya inatakiwa ivumilie angalau nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, ikishanyonya maji kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka 155. Barabarani unaweza kukaa na mafuta ya zamani miaka na usishtuke, treki raundi ya tano tu yanachemka, mvuke unaingia kwenye mfumo, na mvuke unabonyezeka ila mafuta hayabonyezeki, kwa hiyo unavuta breki inakuja mpaka kwenye vidole kama sponji na kona iko pale inakusubiri. Badilisha mafuta kabla ya siku yenyewe, toa hewa yote, na pedi zikiwa zimeisha nusu weka mpya tu.

Kulanti, ile ya kupoza injini, nayo ina kesi yake. Treki nyingi watakwambia uimwage uweke maji matupu, manake kulanti ya kawaida ina kemikali ya glaikoli na ikimwagika kwenye lami inateleza vibaya na haikauki haraka, unawaangusha wenzako kumi kwa rejeta yako moja. Maji yanakauka. Alafu ukimaliza usisahau kurudisha kulanti, ukiacha maji yanakula chuma kwa kutu, na kama unaishi kwenye baridi kali yanaganda yanakupasulia injini.

Vioo toa. Taa na indiketa bandika tepu ili ukianguka vioo vya taa visitapakae njiani. Kaza nati zote, hasa ya kumwagia oili na filta, sehemu nyingine wanataka zifungwe waya kabisa zisijifungue. Cheni angalia ulegevu wake, isikaze sana, manake ukikaa na piki ikabonyea inakaza zaidi.

Upepo wa tairi ndo watu wengi wanakosea, na mimi nilikosea. Piki nyingi za spoti kitabu kinasema kama psi 36 mbele na 42 nyuma, hizo ni namba za barabarani, za kubeba abiria na mizigo na kwenda mbali. Treki tairi linapata moto mwingi, hewa ndani inatanuka, upepo unapanda, tairi linavimba na sehemu inayogusa lami inapungua. Mimi niliingia na 42 zangu, sesheni ya pili, yaani zamu ya pili ya kuingia treki, nyuma ikaanza kucheza kila nikitoka konani, fundi mmoja pale akaja na geji, akapima, akanitazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu. Tairi za barabarani zenye uwezo wa treki mara nyingi zinaangukia karibu 30 hadi 32 zikiwa za moto, ila namba kamili inategemea tairi, soma alichosema aliyelitengeneza au muulize fundi wa tairi pale pale. Na upime ukitoka tu, usiende kunywa maji kwanza, ndani ya dakika chache namba imeshashuka.

Nguo ntapita haraka kwa sababu hakuna mjadala: suti ya ngozi ya kipande kimoja, au viwili vinavyoungana kwa zipu kiuno kizima, kinga ya mgongo ndani, helmeti ya kufunika uso wote, glovu zinazofika juu ya kifundo cha mkono, buti zinazopita kifundo cha mguu. Jinzi hapana hata kama ina kevlar, zile nyuzi ngumu za kinga. Suti ikikubana ukiwa umesimama wima usiirudishe, jaribu kwanza ukiwa umekaa mkao wa kuendesha, ndo imeshonwa hivo.

Bima yako soma vizuri, nyingi hazihusiki na chochote kinachotokea treki.

Asubuhi na kikao

Kutakuwa na kikao, na kuna watu wanakaa nyuma wanachezea simu. Usiwe wewe. Hapo ndo unaelezwa bendera, na kila treki ina vijimambo vyake. Kwa ujumla njano maana yake kuna hatari mbele, punguza na usipite mtu. Nyekundu sesheni imesimamishwa, inua mkono ili wa nyuma yako akuone, punguza taratibu, usikabe breki ghafla manake kuna mtu nyuma yako, alafu urudi piti au usimame kama walivyoelekeza kwenye kikao. Njano yenye mistari myekundu ni lami inateleza. Nyeusi wakikuelekezea wewe basi wewe, rudi piti ukaulize umefanya nini, na nyeusi yenye duara la chungwa piki yako ina tatizo, pengine inavuja, toka kabisa kwenye njia ya mbio usiendelee kuwamwagia oili wenzako.

Makundi mara nyingi ni matatu, kila kundi linaingia dakika 15 hadi 20 linapisha jingine. Jiandikishe kundi la wanaoanza. Najua una rafiki yuko kundi la kati na anakuvuta, mwache aende.

Kanuni ya kupitana ni rahisi: anayekuja nyuma ndo mwenye jukumu la kupita salama, wewe wa mbele kazi yako ni kutabirika. Hii ni ngumu kwa mtu wa barabarani, tumezoea kupisha, unasikia mlio nyuma unajisogeza pembeni, na kumbe kule pembeni ndo yeye alikuwa anapita. Shika njia yako. Usigeuze shingo. Ukitaka kuingia piti inua mkono au toa mguu mapema wakuone.

Macho kwanza

Mwalimu wa siku yangu ya kwanza alikuja na kipande cha tepu, akabandika kwenye mita ya spidi, hakusema kitu akaondoka. Nilichukia. Raundi ya tatu nikagundua macho yangu yalikuwa yanashuka kwenye ile tepu kila kabla ya kona, yaani miaka yote nilikuwa naingia kona kwa kusoma namba badala ya kuangalia kona yenyewe.

Barabarani macho yako yanakaa karibu, mashimo, gari la mbele. Treki yatupe mbali. Kila kona ina sehemu nne: unapoanza breki, unapoanza kukunja, unapogusa ndani kabisa wenyewe wanaita apeksi, na unapotokea nje. Kabla hujakunja macho yawe yameshafika apeksi, kabla hujaifikia apeksi yawe yameshahama kwenye kutokea. Piki inafuata macho, hii utaisikia kila siku na utaona ni maneno mpaka ikukute. Ilinikuta kona ya tatu, nilikunja mapema sana (wote tunaoanza tunakunja mapema, tunaiogopa ile nje), nikagusa ndani mapema, kutokea lami ikaniishia, nikaona nyasi, nikaziangalia, nikaenda kwenye nyasi. Kilichoniokoa ni kitu nilichosikia kikaoni: ukishaona unatoka, inyanyue piki iwe wima, achia breki ya mbele, nenda nayo moja kwa moja mpaka ipoe, usiilazimishe kurudi. Niliyumba kama mlevi lakini sikuanguka.

Dawa ya kukunja mapema ni kusubiri. Kaa nje mpaka uone apeksi, subiri tena kidogo, ndo ukunje mara moja kwa uamuzi. Sukuma usukani upande unaotaka kwenda, ukitaka kulia sukuma mbele mkono wa kulia, piki inalala yenyewe.

Breki na mafuta

Barabarani wengi tunavuta breki kidogokidogo kutoka mbali, alafu tunaachia kila kitu tunaelea mpaka kona iishe. Ule muda wa kuelea piki haina msimamo, haiko kwenye breki wala kwenye mafuta.

Treki nyingi zina vibao vya mita kabla ya kona, 200, 100, 50. Anza na kile cha mbali kabisa, hata uone unachekesha. Breki yenyewe ivute kwa awamu mbili, kwanza ibane taratibu uzito uhamie mbele, shokapu za mbele zibonyee, tairi lijilaze kwenye lami, hapo ndo uongeze nguvu. Ukiinyakua kwa mara moja kabla uzito haujafika tairi linajifunga, tena ukiwa umenyooka. Alafu kadiri unavyolaza piki ndo unavyoachia vidole, polepole. Tairi lina mshiko mmoja tu na linaugawa kati ya breki na kukunja, ukiongeza huku punguza kule. Kosa baya ni kuachia breki kama umeungua, shokapu za mbele zinaruka juu na piki inapanua kona.

Mafuta yanarudi pale unapoiona njia ya kutokea, kwanza kidogo kama unazungusha redio ya zamani kutafuta stesheni, unaongeza kadiri piki inavyonyanyuka. Na nyuma ikiteleza usifunge mafuta ghafla! Hapo ndo watu wanarushwa juu, manake tairi lililokuwa linateleza linashika ghafla na piki inakutupa upande wa pili kama ng'ombe wa mchezo.

Mwili: kalio moja nje nusu, goti la nje libane tanki, kichwa na bega viende ndani ya kona, kanyagia kwa mbele ya mguu sio katikati. Mikono ilegee. Kipimo changu ni kutikisa viwiko kama kuku katikati ya kona, vikigoma unajishikilia na usukani, na maumivu yote ya mikono utakayolalamika jioni yametoka hapo. Goti kugusa lami usilifukuze, kuna watu wanalitanua mpaka linafika chini na piki haijalala hata nusu, wanapiga picha nzuri na wanapitwa na kila mtu.

Tairi la baridi

Raundi ya kwanza ya kila sesheni ni ya kupasha moto. Sio ya asubuhi tu, ya kila sesheni. Na tairi lina pande mbili, treki nyingi zinazunguka kufuata mshale wa saa, kona za kulia ni nyingi, kwa hiyo upande wa kushoto unakaa muda mrefu bila kugusa lami. Sachsenring kule Ujerumani imegeuza hiyo hesabu, kona 13, za kushoto 10, na kona ya 11 ni ya kulia inayokuja baada ya msururu wa kushoto, imewaangusha mpaka wa MotoGP, mbio kubwa za piki duniani, kwa sababu upande wa kulia umeshapoa. Kwako maana yake ni kwamba ile kona moja ya upande usiotumika iheshimu, hata ukiwa umeshapata moto.

Mchana kula kidogo, maji kunywa hata kama hujisikii kiu, ndani ya ngozi unatoka jasho balaa. Ukiona unakosea apeksi ambazo asubuhi ulikuwa unazipata, umechoka, hata kama kichwa kinakwambia bado. Mimi sesheni ya mwisho huwa nairuka, nakaa ukutani natazama wengine wakikunja mapema.

Na kama umekuja na piki hiyohiyo utakayorudi nayo nyumbani, kabla ya kuwasha rudisha vioo, toa tepu kwenye taa na kwenye mita, jaza upepo wa barabarani, alafu kaa chini nusu saa nzima. Mzunguko wa kwanza wa barabarani ukitoka treki utashangaa jinsi hiyo spidi ya kawaida inavyoonekana kama umesimama. Angalia mita, ndo maana nilisema tepu utoe.