Kupanga vifaa vya mawasiliano na vya kutafuta njia kwenye mfuko wa dharura

Mto Nyando, magharibi mwa Kenya, unaweza kufurika hata usiku ambao Ahero hakujanyesha tone. Mvua imepiga juu, Nandi na Kericho, na maji yanashuka tambarare ya Kano, ilipo Ahero, watu wakiwa wamelala. Ndiyo maana nikipanga mfuko huuliza hivi: kifaa hiki kitafaa gizani, kikiwa kimelowa, mkononi mwa mtoto wa darasa la tano? Kisipofaa, kinabaki nyumbani.

Hatua ya 1: Simu. Weka kabambe, simu ndogo ya vitufe, hata kama una simu kubwa. Chaji yake hudumu siku kadhaa, na nyingi zina tochi. Itie laini ya mtandao tofauti na ule unaoutumia kila siku. Busta (mnara wa simu) moja ikizima, nyingine huenda iko hewani. Laini isiyotumika hufungwa, kwa hiyo itumie mara moja moja. Ongeza pawabanki ya mAh 10,000 na kebo ya kila simu, maana kebo ya simu kubwa mara nyingi haiingii kwenye kabambe. Mtandao ukiyumba, acha kupiga na utume ujumbe mfupi, ambao hupita hata pale sauti inapokatika.

Hatua ya 2: Namba kwenye karatasi. Andika kwa penseli: 112, 999, 1199 ya Msalaba Mwekundu, chifu, mzee wa kijiji, na jamaa mmoja anayeishi mbali, tuseme Nakuru. Kila mtu wa boma amtumie huyo taarifa zake, naye azisambaze kwa wengine.

Hatua ya 3: Ramani. Hapa ndipo wengi hulegea, wakidhani kuwa mzaliwa wa mahali hapotei. Maji yakishafunika barabara, mashamba ya mpunga na mitaro, hata mwenyeji hajui penye kina.

Pakua ramani ya eneo lenu kwenye simu kubwa kungali na intaneti. Baada ya hapo huhitaji bando ili kujua ulipo, kwa kuwa simu husoma mahali kutoka kwa setilaiti. Fungua ramani, bonyeza mahali nyumba ilipo, unakili namba mbili zinazotokea, zenye tarakimu nne baada ya nukta. Usahihi huo ni wa mita kama 11, unatosha kumfikisha mwokoaji mlangoni.

Angalia sana alama ya kutoa. Ahero iko kusini ya ikweta, karibu -0.17, 34.92. Ukiacha hiyo alama, umemtuma mtu kilomita 38 hivi kaskazini, upande wa Kaimosi. Budalang'i, kwingine kunakofurika, iko kaskazini ya ikweta, kwa hiyo wao hawaiandiki kabisa. Somea mtu namba hizo kwa simu uone kama ataandika sawa.

Kisha chora ramani ya mkono: boma, shule, kanisa, daraja, na njia mbili za kufika palipoinuka. Weka alama mahali mtakapokutana mkitengana. Usiweke njia zote mbili juu ya daraja moja.

Hatua ya 4: Dira, filimbi, redio. Dira ya bei nafuu yafaa, kwa kuwa huku kwetu kaskazini yake hutofautiana kidogo tu na ile ya ramani. Jua usilitegemee adhuhuri: mwezi Machi, masika yakianza, liko utosini. Ishike dira mbali na simu na chuma. Filimbi iwe ya plastiki. Pulizeni mara tatu kuomba msaada, mnyamaze, mrudie. Redio iwe ndogo, ya betri, ya kusikiliza tahadhari.

Hatua ya 5: Kufunga. Kila kifaa kiwe ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, kisha vyote kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko kinachokaza. Toa betri kwenye redio na tochi, zisije zikavuja, uzifunge kando yake. Filimbi pekee ikae nje, imefungwa kwenye mpini wa ndoo. Chaji pawabanki kabla ya Machi, na tena kabla ya vuli mwezi Oktoba.